Nani Hufundisha Muziki Katika Vyuo vya Jamii vya Marekani, na Alifikaje Hapo

Katika idara moja ya muziki ya chuo cha jamii nchini Marekani unaweza kumkuta mama mwenye shahada ya uzamivu ya uongozaji wa kwaya, mzee aliyepiga tarumbeta katika studio za Los Angeles kwa sehemu kubwa ya maisha yake, mpiga kinanda wa kanisa anayekuja kufundisha saa chache tu kwa wiki, na kijana ambaye mwenyewe alijifunza kusoma noti katika chuo hicho hicho. Wanafunzi huwaita wote profesa. Hata hivyo, mikataba yao ya kazi haifanani, mishahara yao haikaribiani, na njia zilizowafikisha hapo zinatofautiana kiasi kwamba mtu akiuliza mwalimu wa muziki wa chuo cha jamii amesomea nini, hakuna jibu moja la kumpa. Mchanganyiko huo wa watu ndio utajiri mkubwa wa vyuo hivi, lakini sehemu kubwa yake imejengwa juu ya mfumo wa ajira unaowaumiza wengi wa walimu hao hao, na ndiyo maana mambo haya mawili yanapaswa kuelezwa pamoja.

Kwanza, chuo chenyewe. Chuo cha jamii ni chuo cha umma kinachotoa masomo ya miaka miwili, chenye ada ndogo kuliko chuo kikuu, na kinachompokea karibu kila mtu mzima anayeomba, awe na alama nzuri za sekondari au asiwe nazo. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kukiona kama chuo cha kati kilichounganishwa na miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu, kwa sababu mwanafunzi anaweza kumaliza hapo na kwenda kazini, au kuhamia chuo kikuu na kuendelea na mwaka wa tatu. Cha kwanza cha umma kilianza mwaka 1901 mjini Joliet, jimbo la Illinois, kwa juhudi za William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, na J. Stanley Brown, aliyeongoza shule ya sekondari ya mji huo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, sheria ya mwaka 1944 ya kuwasomesha askari waliorudi vitani na ripoti ya mwaka 1947 ya tume iliyoundwa na Rais Harry Truman zilivisukuma vyuo hivi kuenea nchi nzima. Kila jimbo lina sheria zake. Katika maelezo yanayofuata nitaitegemea zaidi California, yenye vyuo 116 vya aina hii, kwa kuwa kanuni zake za kuajiri walimu zimeandikwa kwa undani na zinaonyesha vizuri fundo lilipo.

Idara ya muziki ya chuo cha namna hii hufanya kazi nne kwa wakati mmoja. Huwaandaa vijana wanaotaka kuhamia chuo kikuu kusomea muziki, na hao wanahitaji mihula kadhaa ya nadharia, mazoezi ya sikio, somo la ala au sauti la mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja, na kushiriki katika kwaya au bendi. Hufundisha ufundi wa muziki wa kibiashara, yaani kurekodi, kutunga kwa kompyuta na kupiga katika bendi za kukodiwa. Hutoa somo la kusikiliza na kuuelewa muziki kwa wanafunzi wa uuguzi, uhasibu au uhandisi wanaohitaji somo moja la sanaa ili wamalize. Na huwapokea watu wa mtaani, wengi wao wastaafu, ambao hawatafuti cheti chochote bali wanataka kuimba Jumanne jioni. Hakuna mtu mmoja aliyesomea kazi zote nne, na hapo ndipo tofauti za walimu zinapoanzia.

Kwa miaka mingi mwalimu wa chuo cha jamii California alihitaji leseni ya ualimu kutoka jimboni, kama ilivyokuwa kwa walimu wa sekondari. Sheria ya mwaka 1988 iliyojulikana kwa namba AB 1725 iliuondoa utaratibu huo na kuweka badala yake viwango vya chini vya sifa kwa kila somo. Kwa somo la muziki, kiwango ni shahada ya uzamili ya muziki, au shahada ya kwanza ya muziki pamoja na shahada ya uzamili katika masomo ya utu, kama fasihi au falsafa. Lakini orodha ya viwango hivyo inalitenga somo la muziki wa kibiashara, na huko mlango ni mwingine kabisa: shahada ya kwanza ya fani yoyote pamoja na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, au shahada ya miaka miwili pamoja na uzoefu wa miaka sita. Kanuni pia zinaruhusu baraza la walimu la eneo husika kumkubali mtu asiye na shahada zilizotajwa, endapo ataonyesha kwamba ujuzi wake una uzito sawa na shahada hizo. Mistari hiyo michache ya kanuni ndiyo inayomwezesha fundi wa studio kuketi katika kikao kimoja na mtu aliyeandika tasnifu juu ya kwaya za karne ya kumi na sita.

Kwenye karatasi, basi, uzamili unatosha. Kwenye usaili wa nafasi ya kudumu mambo huwa magumu zaidi. Tangu miaka ya 1950, Shule ya Muziki ya Eastman mjini Rochester ilipoanza kutoa shahada ya udaktari wa sanaa za muziki, shahada inayopima upigaji, uimbaji au uongozaji pamoja na utafiti, vyuo vikuu vingi vimeiga mfano huo, na wahitimu wamekuwa wengi kupita nafasi za kazi zilizopo vyuo vikuu. Nafasi moja ya kudumu katika chuo cha jamii kwa hiyo huvuta maombi ya watu wengi wenye udaktari, ingawa tangazo halikuutaja kuwa sharti. Sidhani kwamba udaktari huo ndio unaowapa watu kazi. Kamati ya usaili, yenye walimu wa muziki, mkuu wa kitivo na mara nyingi mwalimu wa somo jingine kabisa, humpa kila mwombaji maswali yale yale, kisha humtaka afundishe somo fupi la dakika 15 au 20. Anayeomba kazi ya kwaya husimamishwa mbele ya waimbaji asiowajua na kuambiwa awafanyishe mazoezi. Ndani ya dakika chache huonekana kama anasikia sauti ya tatu iliyoteleza, kama anaweza kuirekebisha bila kumwaibisha mtu, na kama ana subira na mwimbaji asiyesoma noti. Chuo kikuu huweza kumchagua mwongozaji kwa rekodi zake na majina ya walimu wake. Chuo cha jamii, kisichochuja wanafunzi mlangoni, hakiwezi kufanya hivyo.

Mtu akitaka kuelewa ni subira ya aina gani, na aangalie darasa la piano la kundi. Kila anayesomea muziki, hata mwimbaji au mpiga ngoma, hutakiwa kujua kinanda kiasi cha kutosha kusoma akodi na kusindikiza wimbo. Chumba huwa na safu za vinanda vya umeme, na kila mwanafunzi huvaa vipokea sauti, hivyo anayeingia husikia vidole vikigonga plastiki tu, bila muziki wowote. Mwalimu huketi mbele kwenye meza yenye vitufe, akiwasikiliza mmoja mmoja: anabonyeza namba, anaingia masikioni mwa mwanafunzi wa kwanza anayeharakisha skeli, anamwambia apunguze mwendo, anabonyeza namba nyingine, anamkuta mtu wa makamo ambaye mkono wake wa kushoto bado haujui dole gumba lipite wapi, anabaki na huyo kwa dakika mbili, kisha anawahi kwa mwingine aliyekuja na miaka kumi ya masomo ya nyumbani na ambaye anahitaji kupewa kazi ngumu zaidi asije akachoka na kuacha. Mhitimu wa chuo mashuhuri cha muziki aliyezoea wanafunzi waliochujwa kwa majaribio huona darasa hili kuwa gumu kuliko somo lolote la juu. Mwalimu mstaafu wa bendi ya sekondari huliingia kama mtu arudiye nyumbani kwake, na ni wengi wa namna hiyo wanaofundisha katika vyuo hivi.

Mfano bora ninaoujua wa chuo kilichojengwa juu ya wapigaji wenyewe uko Levelland, mji mdogo wa nyanda za pamba na mafuta magharibi mwa Texas. Huko, chuo cha South Plains kilianzisha katikati ya miaka ya 1970 masomo ya muziki wa kantri na blugrasi, muziki wa asili wa Marekani unaopigwa kwa ala za nyuzi kama banjo na fidla, wakati ambapo vyuo vikuu vingi havikuuona muziki huo kuwa jambo la kutolewa vyeti. Chuo hakikuwa na mahali pa kumtafuta daktari wa banjo. Kiliwachukua watu waliokuwa wakiishi kwa muziki huo: Alan Munde, mpiga banjo wa bendi ya Country Gazette, na Joe Carr, mpiga gitaa na mandolini aliyekuwa naye katika bendi hiyo, walifika katika miaka ya 1980 na kufundisha hapo kwa muda mrefu. Elimu yao kubwa ilikuwa barabarani na jukwaani, na waliigeuza kuwa mtaala, kazi isiyo rahisi, kwa maana mambo ambayo mpigaji huyafanya bila kufikiri inabidi ayapange kwa muhula, kwa wiki, na kwa mtihani. Lee Ann Womack, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa kantri, alipita katika chuo hicho, na Natalie Maines wa bendi ya kantri ya The Chicks naye alisoma hapo kwa muda.

California yenyewe ina historia ya namna hiyo. Chuo cha jiji la Los Angeles, kilichofunguliwa mwaka 1929, kilikuwa na bendi ya jazi ya studio iliyomvuta kijana John Williams akasoma hapo muhula mmoja, miaka mingi kabla ya kuwa mtunzi anayejulikana zaidi wa muziki wa filamu. Chuo kilicho karibu na soko la kazi za muziki kinaweza kuwapata wapigaji wa soko hilo wawe walimu wa jioni, na mwanafunzi wa ada ndogo akaketi na mtu aliyetoka kurekodi asubuhi ile ile. Chuo kikuu kinachomtaka kila mwalimu wake achapishe utafiti hakiwezi kuajiri kwa urahisi kama huo.

Kundi jingine ni la wahamiaji, wakiwemo waliofundwa katika vyuo vikali vya muziki vya Ulaya Mashariki au Asia, ambao wamewahi kufundisha kinanda au fidla kwa kiwango cha juu katika nchi zao na wakaanza upya Marekani kwa masomo ya saa. Kwa wasomaji wetu jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Mtu aliyesomea muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta, au Makumira karibu na Arusha, anaweza kuomba kazi hizi, lakini kwanza shahada yake inapaswa kupitiwa na taasisi inayotambuliwa ya kutathmini vyeti vya nje, na shahada ya kwanza peke yake haitamfikisha kwenye somo la muziki la kawaida. Ama amalize uzamili, ama aingie kwa upande wa muziki wa kibiashara kwa uzoefu unaoweza kuthibitishwa kwa barua na mikataba. Mwongozaji wa kwaya ya Wakongomani au Watanzania huko Marekani, hata kama amelea waimbaji kwa miongo miwili, atakwama ikiwa hana karatasi za kuonyesha kazi hiyo, na ningemshauri aanze kuziweka mapema.

Sasa tuje kwenye ajira. Takriban theluthi mbili ya walimu wote wa vyuo vya jamii vya umma nchini Marekani si wa kudumu. Katika idara ya muziki hali hiyo huonekana zaidi, kwa sababu chuo kinahitaji mtu wa filimbi, mtu wa gitaa, mtu wa trombo na mtu wa ngoma, na hakuna hata mmoja wao mwenye wanafunzi wa kutosha kumjazia kazi ya wiki nzima. Idara inaweza kuwa na walimu wawili au watatu wa kudumu wanaobeba kwaya, bendi na nadharia, na nyuma yao msururu mrefu wa walimu wa muda wanaolipwa kwa saa za darasani. Mwalimu wa kudumu wa California hupita kipindi cha majaribio cha miaka minne, kisha kazi yake hulindwa kisheria. Mwalimu wa muda hupewa masomo muhula kwa muhula. Sheria inamzuia kufundisha zaidi ya asilimia 67 ya mzigo wa mwalimu wa kudumu ndani ya wilaya moja ya vyuo, yaani eneo moja la utawala lenye chuo kimoja au zaidi, kiwango kilichopandishwa mwaka 2008 kutoka asilimia 60. Nia ya asili ya kikomo hicho ilikuwa kuzilinda nafasi za kudumu, ili wilaya zisiwatumie watu wa muda kama wa kudumu kwa bei nafuu. Matokeo yake ni kwamba asiyeweza kuishi kwa asilimia 67 huenda wilaya ya pili, na pengine ya tatu. Mtu anaweza kufundisha Laney mjini Oakland asubuhi na De Anza mjini Cupertino jioni, zaidi ya kilomita 60 za foleni, akiwa na saksofoni na maboksi ya noti kwenye buti la gari, na kwa jumla akafundisha saa nyingi kuliko mwenzake wa kudumu kwa malipo madogo zaidi.

Yapo mengine yasiyoonekana kwa mwanafunzi. Somo lisipopata watu wa kutosha, mara nyingi kati ya 15 na 20, linaweza kufutwa wiki ya kwanza. Likifutwa la mwalimu wa kudumu, anaweza kupewa la mwalimu wa muda ili ajaze mzigo wake, na yule wa muda akabaki bila kitu baada ya kuandaa muhula mzima. Mahakama ya rufaa ya California ilikubali mwaka 1989, katika kesi ya Cervisi, kwamba ahadi ya kazi inayotegemea idadi ya wanafunzi si ahadi ya uhakika, na tangu hapo walimu wa muda wa jimbo hilo wameweza kuomba fidia ya ukosefu wa kazi kati ya mihula. Mwaka 2022 bajeti ya jimbo iliongeza dola milioni 200 kwa mwaka kusaidia bima ya afya ya walimu wa muda, hatua kubwa kuliko zote zilizotangulia katika jambo hilo.

Muziki una mzigo wake wa ziada katika namna saa zinavyohesabiwa. Vyuo vingi huipa saa ya mhadhara uzito kamili, na saa ya vitendo uzito pungufu, kwa hoja kwamba saa ya vitendo haihitaji maandalizi mengi. Mazoezi ya kwaya na bendi mara nyingi huangukia upande wa vitendo. Anayeongoza bendi hukaa na alama za muziki za ala kumi na tano nyumbani kabla ya zoezi moja, huandika upya sehemu ya honi kwa sababu mwaka huu hakuna mpiga honi, hutafuta ukumbi, hupanga viti, na usiku wa tamasha huwa wa mwisho kufunga mlango. Kuiita kazi hiyo kuwa nyepesi kuliko mhadhara ni makosa, na vyama vya walimu ambavyo vimeweza kuupandisha uzito wa mazoezi katika majadiliano vimewasaidia sana waongozaji.

Kinachoilisha idara yenyewe, kwa upande mwingine, ni lile somo la kusikiliza muziki kwa wasiosomea muziki. Darasa lake linaweza kuwa na watu 40 au zaidi, na wingi huo ndio unaoruhusu darasa la nadharia la muhula wa nne lenye watu wanane kuendelea kuwepo. Mwalimu mpya aliyeota kufundisha kaunta pointi, ufundi wa kuunganisha sauti kadhaa zinazojitegemea, hujikuta mara nyingi akiwafundisha wauguzi watarajiwa kutofautisha obo na klarineti. Wapo wanaoliona hilo kuwa kushushwa hadhi. Mimi naliona kuwa sehemu yenye heshima kubwa ya kazi hii, kwa sababu wengi wa wanafunzi hao hawatakaa tena darasani kusikiliza muziki maishani mwao.

Mfumo huu wa walimu wa muda una chimbuko linaloweza kufuatiliwa. Hadi mwaka 1978 vyuo vya California vilitegemea sana kodi ya majengo ya maeneo yao, na masomo yalikuwa bure. Mwaka huo wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13 lililobana kodi hiyo kuwa asilimia 1 ya thamani, mapato ya wilaya yakaporomoka, na ufadhili ukahamia jimboni. Mwaka 1984 wanafunzi walianza kulipa ada, dola 5 kwa krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo. Ada hiyo imefika dola 46 tangu 2012. Wilaya iliyopata fedha zake kwa kusubiri bajeti ya kila mwaka ilijifunza kuajiri watu inaoweza kuwaacha mwaka unaofuata. Sheria ile ile ya 1988, AB 1725, iliweka lengo kwamba asilimia 75 ya saa za masomo ya krediti zifundishwe na walimu wa kudumu, na lengo hilo halijafikiwa kwa ujumla wa jimbo.

Mabadiliko mengine yaliwagusa walimu wa kwaya na bendi peke yao. Zamani mtu wa mtaani aliweza kujiandikisha katika kwaya ile ile mara kadhaa, na waimbaji hao wazoefu ndio waliokuwa uti wa mgongo wa sauti. Kanuni mpya zilizoanza kutumika mwaka 2013 zilizuia kurudia masomo mengi ya sanaa, isipokuwa pale vyuo vikuu vinapoyahitaji kwa wanaohama. Idara zililazimika kuyagawa masomo katika ngazi, na baadhi zilihamishia kwaya za mtaani kwenye masomo yasiyo na krediti. Mwongozaji aliyekuwa na besi wanne wa kuaminika alibaki na vijana wa muhula wa kwanza.

Mjadala unaoendelea sasa ni juu ya kile kikomo cha asilimia 67. Mwaka 2021 bunge la jimbo lilipitisha mswada wa kukipandisha hadi asilimia 80 na zaidi, na Gavana Gavin Newsom akakataa kuutia saini kwa sababu ya gharama zinazoweza kufuata. Wanaouunga mkono wanasema mwalimu apate riziki yake katika wilaya moja, na wanaoupinga, wakiwemo baadhi ya walimu wenyewe, wanahofia kwamba wilaya hazitafungua tena nafasi za kudumu. Kwa walimu wa nadharia, kwaya na piano ya kundi jambo hili ni zito. Lakini wapo watu ambao mswada wowote wa namna hiyo hautawafikia, nao ni walimu wa ala wanaokuja kumfundisha mwanafunzi mmoja kwa wakati mmoja. Mtu wa obo mwenye wanafunzi wawili muhula huu hafiki hata asilimia 10 ya mzigo, na muhula ujao anaweza asiwe na hata mmoja. Bila yeye mwanafunzi wa obo hawezi kuhamia chuo kikuu, na mpaka sasa sijaona pendekezo lolote la ajira lililoandikwa kwa kumfikiria yeye.